Fundo la Kumi na Nne

Wifi yangu ni mke wa mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemleta katika ukoo wetu, kwa hiyo sifa zake huwa nazihesabu zangu, na makosa yake nayahesabu ya mdogo wangu. Kazini tunamwita Pindo. Tunashona sare za shule, wanawake saba na mpiga pasi mmoja wa kiume, katika chumba kirefu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni mkataji. Nasimama kwenye meza kubwa na mkasi na chaki kutwa nzima. Yeye hukaa dirishani na cherehani ya miguu ambayo amekataa katakata kubadilishiwa ya umeme, na kila sketi na kila suruali hupita kwake mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayepiga mapindo.

Ana ugonjwa mmoja wa kazi: hawezi kuachia nguo kabla ya kufunga fundo la mwisho. Akifika mwisho wa pindo hurudisha mshono nyuma, huvuta uzi upande wa ndani, huufunga kwa vidole, ndipo hukata. Bosi wetu amemwambia mara mia kwamba watoto watazichana tu nguo hizo. Pindo hujibu, "Wachane kitambaa, pindo langu wataliacha." Siku moja nilimwona akishuka ngazi mbio, kikinga-sindano cha shaba bado kidoleni, akamrudisha mteja kutoka barabarani kwa sababu amekumbuka kwamba suruali moja kati ya tatu hakuifunga fundo.

Nayasema haya mapema ili muone maajabu yenyewe. Mwanamke huyo huyo, asiyevumilia kuona uzi unaning'inia, aliacha dozi yake ya dawa katikati.

Na sikumlaumu, kwa sababu sisi sote tulifanya hivyo. Juu ya rafu ya nyuzi palikuwa na bati la biskuti la rangi ya bluu, biskuti zake zililiwa kabla hata sijaajiriwa. Ndani tuliweka dawa. Utaratibu ulikuwa kwamba ukiugua, ukaenda hospitali, ukapewa dawa na kupata nafuu kabla hazijaisha, zilizobaki unazitia kwenye bati, na atakayeumwa kesho atajihudumia. Mle ndani mlikuwa na vidonge vya kichwa, vya tumbo, vya jino, nusu chupa ya dawa ya kikohozi, na vingine ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini, ila mpiga pasi aliapa kwamba vilimponya mgongo. Tulilionea fahari bati letu. Mtu aliyemaliza dawa zake zote peke yake tulimwona mchoyo.

Mwaka mmoja kabla ya mambo ninayosimulia, Pindo aliumwa chini ya kitovu, maumivu ya kukata, na homa, na uchafu usio wa kawaida sehemu za siri. Hospitali walimwambia ana maambukizi katika via vya uzazi vya ndani, kwenye mji wa mimba na mirija yake. Walimpa bahasha ya dawa za siku kumi na nne na karatasi ya kumwita mumewe akatibiwe naye. Siku ya tano maumivu yalikwisha. Akaja kazini na uso umenawiri, akapanda kwenye kiti, akaitia bahasha katika bati. Tukamshangilia. Ile karatasi ya mume alimkabidhi mdogo wangu, na mdogo wangu akasema baadaye kwamba ilisahaulika mfukoni, ikafuliwa pamoja na suruali. Pindo ndiye anayefua. Alijilaumu kwa hilo wiki nzima.

Wakati huo walikuwa na miaka minne ya ndoa na hawajapata mtoto. Watu wa nje walikuwa wameanza kumtazama tumbo kabla ya kumsalimia. Mimi niliwatazama wao kwa macho makali zaidi, lakini nani ataweza kumtazama kila mtu?

Basi asubuhi moja alikuja mezani kwangu, akasimama kimya mpaka nikaudhika.

"Wifi, sema au uondoke, nina mikono ya mashati arobaini ya kukata."

"Ukate na kadogo kamoja," akasema.

Nilielewa kabla hajamaliza. Mkasi ulikwenda upande, nikaharibu mkono wa shati, wa kwanza tangu niajiriwe. Bosi aliuokota, akautazama, akanitazama, akamtazama Pindo, akaanza kupiga vigelegele yeye mwenyewe. Mimba ilikuwa ya wiki saba.

Wiki ya tisa shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sketi zimerundikana mpaka dirishani. Pindo alianza kujishika tumbo. Sote tukajifanya madaktari. Mshona vifungo akasema ni kukanyaga cherehani, miguu inasukuma tumbo. Mpiga pasi akasema ni kiti kifupi, akamletea mto. Mimi, mwenye ulimi mrefu kuliko wote, nilisema ni mtoto anajitafutia nafasi. Nikisema kweli, hilo ndilo neno ninalojutia kuliko mengine yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi.

Siku iliyofuata, kabla ya saa ya chakula, nilisikia cherehani yake imenyamaza. Nikageuka. Alikuwa amejikunja juu ya sketi, meno yanagongana, na jua linampiga mgongoni. Nilimgusa shingo, nikautoa mkono haraka, alikuwa anachemka.

"Nimeshakunywa dawa," akasema. "Tangu asubuhi. Itashuka."

"Dawa gani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Bati lilikuwa wazi juu ya meza yake, na kando yake bahasha ya karatasi. Niliichukua nisome. Ilikuwa na jina lake. Kutwa mara mbili, siku kumi na nne. Ilikuwa bahasha yake mwenyewe ya mwaka jana, ile tuliyoishangilia. Amekumbuka kwamba ziliwahi kumtoa maumivu kama haya, akala mbili.

Niliisokomeza bahasha ndani ya sidiria yangu, nikamwita mpiga pasi amshike upande wa pili, tukamshusha ngazi. Bosi alitangulia kusimamisha gari huku akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu na mikono isiyo taratibu hata kidogo. Alipima, akabonyeza, Pindo akalia. Akauliza mimba ina muda gani, akauliza kama ameshawahi kuumwa hivi, akauliza ametumia dawa gani.

"Sijatumia kitu," Pindo akasema, akaangalia ukuta.

Alikuwa anaona haya. Mtu na homa yake, na mtoto wake tumboni, anaona haya ya bati! Nikaichomoa bahasha mbele ya wote, ikiwa na jasho langu, nikamwekea daktari mkononi.

"Amekunywa hizi, mbili, asubuhi. Zilibaki mwaka jana. Alikatiza siku ya tano, na mumewe hakutibiwa kabisa."

Pindo alinitazama kana kwamba nimemvua nguo sokoni. Daktari alisoma bahasha mbele na nyuma, kisha akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

"Dada, umefanya vizuri kuileta," akaniambia. Kisha akamgeukia Pindo. "Mama, dawa hizi hazimfai mjamzito, ila vidonge viwili havinipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni maambukizi. Yale ya mwaka jana yanaonekana hayakuisha, au yalirudi. Mimba ikishakua, si kawaida kuyaona. Mji wa mimba hujifunga. Lakini mapema hivi hutokea, na yakiachwa yanaweza kuitoa mimba, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa mgonjwa. Kwanza niangalie kama mimba iko mahali pake. Mirija iliyowahi kuumwa hubaki na makovu, na mimba huweza kunasa humo."

"Na ikiwa imenasa?" Pindo akauliza.

"Tusianze na hilo. Tuangalie."

Chumba cha picha kilikuwa na pazia la kijani lililopigwa pindo vibaya. Nakumbuka hilo kwa sababu Pindo, na homa yote ile, alilikodolea macho. Daktari alimpaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa chake huku na huku. Nilianza kusali kwa maneno niliyoyakumbuka utotoni na mengine niliyojitungia.

"Hapa," daktari akasema. "Iko ndani ya mji wa mimba. Na hiki kinachodundadunda, mnakiona? Huo ni moyo."

Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, hakina habari na fujo zetu. Pindo alilia. Mimi pia nililia, tena kwa sauti, nikaambiwa ninyamaze kwa kuwa kuna wagonjwa wengine.

Alilazwa siku hiyo hiyo. Dawa zilipita mshipani kwa dripu, dawa zinazomfaa mjamzito, na baada ya siku chache angebadilishiwa vidonge mpaka zitimie siku kumi na nne. Daktari alilirudia neno kumi na nne mara tatu akimtazama Pindo machoni. "Hata kama kesho utaamka unacheza ngoma."

Bado kulikuwa na mdogo wangu.

Yeye ni mpaka rangi. Hupanda ghorofa sita kwenye ngazi ya mbao na ndoo mkononi, huku anapiga mluzi. Alifika wodini jioni, rangi nyeupe mpaka viwikoni, macho yamemtoka, akamshika mkewe mguu juu ya shuka kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na plasta na mpira wa dripu. Daktari alimweleza yote. Kisha akamwambia kwamba na yeye atapimwa, atachomwa sindano moja na kumeza vidonge vya siku saba.

"Mimi siumwi, daktari."

"Mwaka jana pia hukuumwa," nikasema.

"Dada, hebu ngoja." Akageuka kwa daktari, uso umebadilika. "Kwa hiyo mnasema mimi ndiye niliyemletea?"

Pindo alifumba macho. Nilijua anachokiogopa, swali hilo likijibiwa vibaya, ndoa huvunjika palepale kwenye korido ya hospitali.

"Sijui nani alianza," daktari akasema, "na wewe hujui, na yeye hajui. Vijidudu hivi hukaa mwilini miezi, hata miaka, mtu asihisi lolote. Ninachokijua ni kwamba mimi nitamtibu, atapona, atarudi nyumbani, na wewe usipotibiwa utamrudishia. Na safari hii hayuko peke yake."

Mdogo wangu alisimama hapo anabandua rangi kwenye kidole gumba. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu niliyemlea mimi mwenyewe mgongoni.

"Ile karatasi," akamwambia mkewe. "Haikufuliwa. Niliitupa. Niliona aibu kwenda kupanga foleni na wanawake."

Nilifungua mdomo nimpasue. Pindo aliinua mkono wenye mpira, nikanyamaza, na mnaonijua mtaelewa uzito wa jambo hilo. Machozi yalimtoka lakini sauti haikuyumba.

"Mwaka mzima nimejilaumu kwa ajili ya suruali yako," akasema. "Nenda kachome sindano. Ukirudi tutazungumza."

Alikwenda. Nilimfuata ili nihakikishe. Mwanamume wa ghorofa sita alipoiona sindano akageuka rangi ya kazi yake, akaniomba nimshike mkono. Nilimshika. Nesi alimwambia ashushe suruali na alegeze mwili. Suruali aliishusha, mwili akashindwa. Alilia "Dada!" mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwambia ajikaze.

Aliporudi, anachechemea zaidi ya ilivyohitajika, Pindo alikuwa ameniomba uzi mwekundu kutoka mkobani kwangu. Alikuwa ameshaukata vipande viwili na kukifunga kimoja kwenye chuma cha kitanda.

"Huu wangu una kumi na nne," akasema. "Kila siku ikiisha na dawa zake zote, fundo moja. Huu wako una saba. Ufunge wewe mwenyewe, na usiniletee habari za kufuliwa."

Nesi wa zamu alicheka, lakini kesho yake nilimwona akimkumbusha mgonjwa mwingine kwa kumwonyesha ule uzi.

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya tano, siku ile ile aliyoachia mwaka jana, maumivu yaliisha kabisa. Nilimkuta amekaa kitandani ameushika uzi, ameufunga fundo la tano, anauangalia.

"Wifi, sasa hivi ndipo nilipopanda kwenye kiti," akaniambia.

"Leo ukipanda kwenye kiti nakuvunja miguu."

Akacheka, akameza vidonge vyake, akaniomba nimletee vitambaa apige mapindo kwa mkono. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, nililala kwao siku zilizobaki kuhakikisha wale wawili wanalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, mpaka daktari aruhusu. Mdogo wangu alilalamika kwamba analindwa kama mfungwa. Nikamwambia mfungwa hapikiwi. Siku ya saba alileta uzi wake mezani kama mwanafunzi aliyeleta matokeo, mafundo saba, makubwa na mabaya, kazi ya mtu wa rangi. Pindo aliyakagua moja moja kwa kucha, akasema yamekubalika. Nao wakazungumza yale waliyopaswa kuzungumza, mlango umefungwa, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikusikiliza.

La kumi na nne alilifunga kazini, mbele yetu sote. Alilirudisha, akalikaza kwa meno, akakata uzi. Kisha akapanda kwenye kiti. Nilishtuka, lakini alikuwa anashusha bati. Alizimimina dawa zote kwenye mfuko ili zipelekwe hospitali zikateketezwe. Mpiga pasi alivililia vidonge vyake vya mgongo.

"Ni vya nini hivyo?" Pindo akamuuliza.

"Sijui, lakini vilinisaidia."

"Na mimi vyangu vilinisaidia siku tano," akasema, na hakuna aliyebishana tena. Bati sasa tunatilia vifungo.

Vipimo vya marudio vilitoka safi, vyake na vya mdogo wangu. Mimba ikakua. Alikanyaga cherehani mpaka tumbo likagusa meza, ndipo akakubali ya umeme, kwa muda tu, akasema. Kila kliniki daktari yule yule alihesabu wiki kwa sauti: ishirini na nane, thelathini na mbili, thelathini na sita. Kila tulipovuka moja nilipumua kidogo. Hofu ya mtoto kuja kabla ya wakati haikunitoka, ila niliificha chini ya matusi.

Uchungu ulimshika akiwa anapiga pindo la sketi ya darasa la kwanza, wiki ya thelathini na tisa. Alimaliza pindo, akafunga fundo, ndipo akatuambia. Nusura nimpige.

Alijifungua mchana kweupe. Nilikuwa mlangoni, nikasikia sauti ya kwanza, kali, ya mtu mwenye malalamiko, na nikajua ni wa ukoo wetu. Msichana, kilo tatu na ushei. Daktari alikuja mwenyewe, akamsikiliza mapafu, akamtazama macho na kuyatia dawa, akamgeuza huku na huku. Alisema atamwangalia siku mbili, asije akapata homa. Siku mbili hizo mdogo wangu alikaa kwenye benchi la korido hata hakunawa rangi, na kila nesi aliyepita alimwambia, "Ni wangu yule."

Siku ya pili daktari alimwinua mtoto, akamrudisha kwa mama yake, akasema, "Huyu hana kitu. Nendeni nyumbani."

Mdogo wangu alipiga magoti palepale sakafuni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwa shangazi mwenye heshima, nikashindwa. Nilipiga vigelegele mpaka wodi nzima ikaitikia, hata wasiojua ni kwa nini. Kisha nikatoa kigauni cheupe nilichokificha wiki zote hizo. Nilikikata mwenyewe na, kwa mara ya kwanza, nilikishona mwenyewe, ili mtoto avae kazi ya shangazi yake anapotoka.

Pindo alikipokea. Alikigeuza ndani nje. Alipitisha kucha kwenye pindo, polepole, akafika mwisho, akasimama.

"Wifi, hapa hukufunga."

"Pindo, umezaa juzi!"

"Nipe sindano."

Nikampa. Akamlaza mtoto kifuani, mumewe akaishika ncha ya kigauni isicheze, na mwanamke yule akarudisha uzi nyuma, akaupitisha upande wa ndani, akafunga fundo na kukata. Ndipo akamvisha binti yake.